Ndani ya nini, jamani?

Msomaji wa Mwanga, Kigoma, anatengeneza programu ya kutunza nyaraka za ofisi. Anauliza: "Folda na mafaili yote nimeyaweka kwenye jedwali moja la kanzidata. Kwenye maelekezo niandike faili 'liko ndani ya folda' au 'limo kwenye folda'? Mwenzangu anabisha, eti mle hakuna kilicho ndani ya kingine."

Umenitonesha kidonda, mwanangu. Hii "ndani ya" imeota kila mahali kama ndago. Juzi harusini MC kashika kipaza sauti: "Tupo ndani ya Kigomaaa!" Tuliingilia mlango upi? Kigoma ina kifuniko? Jina la mji limeshabeba mahali pake, ndiyo maana hakuna asemaye Kigomani. Tuko Kigoma, basi. Hakutosheka: "Bibi harusi ndani ya shela!" Hapo nikanyamaza, maana shela lenyewe lilikuwa kubwa kweli. Anayetaka ndani halisi akaiulize Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: ikiitwa bado Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiopoa 1924. Kule chini ndiko ndani.

Haya, swali. Tuna po, ko na mo, na mo ndiyo ya ndani. Kwa hiyo "limo ndani ya folda" ni kuvaa makoti mawili kwa joto la Ujiji. Mtumiaji anayefungua folda kwenye skrini mwandikie "limo kwenye folda". Inatosha.

Ila kwenye jedwali mwenzako kakushinda. Tazama: mstari wa 47 ni faili "Pango", mzazi 12, yaani folda yake ni mstari wa 12. Mstari wa 12 ni "Mikataba", mzazi 3. Wa 3 ni "Ofisi", mzazi pameachwa wazi. Hilo ndilo shina. Mistari yote imelala bega kwa bega. 47 haimo kwenye 12, inaitaja tu, kama mtoto anayecheza mtaani Ujiji akiulizwa wa nani anamtaja baba yake aliyeko Uvira. Ukitaka kuhamisha Mikataba na vyote vilivyo chini yake, unabadilisha ile 3 peke yake. Hakuna kinachobebwa. Kazi iko kwenye kutafuta ukoo, kupanda mzazi kwa mzazi, ingawa tangu sanifu ya 1999 ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ombi moja linaweza kujirudia lenyewe hadi shinani.

Basi huko andika "faili la folda Mikataba". Kile ki-"la" kidogo kinafanya kazi yote na hakidai ukuta wala paa.

Kanzidata, kwa kuwa kanzi ni hazina kwa Kiarabu, naipenda. Hifadhidata nayo si kosa. Chagua moja tu.

Na kama jalada la programu litasema "inatumika ndani ya Kigoma", nakala yangu mpe MC.