Navara inajifunga nguvu mlimani: kabla hujanunua turbo, pima hivi

Mkuu, umesema pikapu yako ya Nissan Navara D40, injini ya dizeli YD25, inavuta safi kwenye tambarare, ila ikikutana na mlima inajifunga nguvu, taa ya injini inawaka, kompyuta inasoma P0299, na fundi keshakwambia tafuta turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Subiri kwanza. Mimi nilitafuta. Nikainunua ya mtumba, nikafunga, na wiki iliyofuata gari likanifia nguvu palepale mlima wa Kitonga, nyuma ya lori la mafuta la kwenda Zambia, na foleni nyuma yangu inapiga honi.

P0299 haisemi turbo imekufa. Inasema kompyuta iliomba presha fulani ya hewa na haikuipata, basi. Ingekuwa P0234 ningekwambia kitu tofauti: hiyo ni presha iliyozidi, na mara nyingi ni mapezi ya ndani ya turbo yameganda kwa masizi, hasa gari la mjini lisilokanyagwa.

Hayo mapezi ndiyo kiini cha mambo. Yamezunguka gurudumu la upande wa ekzosi. Yakijibana, moshi unapita kwa kasi na turbo inazunguka zaidi, yakifunguka, inalegea. Anayeyavuta ni kile kikopo cha bati chenye fimbo, na kikopo kinavutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza inayotoka kwenye pampu yake. Katikati ipo solenoidi, vali ndogo ya umeme ambayo kompyuta inaichezea kuamua kikopo kivutwe kiasi gani. Sasa vakyumu ikivuja popote njiani, mapezi yanabaki wazi, na turbo nzima kabisa itaonekana mbovu.

Anza na jambo lisilotaka hata spana. Fungua boneti, mtu awashe gari, wewe tazama fimbo. Inatakiwa ivutwe mara injini inapowaka, na irudi ukizima. Isipotembea, usikimbilie kulaumu turbo. Chukua bomba kubwa la sindano, lile la mililita 60, na kipande cha mpira wa dripu. Chomeka kwenye kikopo uvute. Fimbo ikipanda laini na kukaa bila kushuka, kikopo na mapezi viko hai. Ikipanda kwa kukwamakwama, ni masizi. Ikipanda kisha ikashuka yenyewe, ngozi ya ndani ya kikopo imetoboka. Na tafadhali, ile skrubu ndogo ya kuzuia mwisho wa fimbo usiiguse. Imepangwa kiwandani, na ukiichezea utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Halafu sensa ya presha. Hapa niliingizwa mjini nikiwa Iringa. Fundi mmoja aliwasha swichi bila kuwasha injini, sensa ikasoma kama kilopaskali 84, akasema imekufa kwa sababu "inatakiwa isome 100". Nikalipia sensa mpya. Mpya nayo ikasoma 84! Kumbe Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ndiyo presha yake hiyo. Mia moja ni ya Dar na Tanga. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya turbo isome sawa au karibu sana na ile ya hewa ya nje. Zikilingana, ziache. Kwa sababu hiyohiyo geji ya vakyumu ukiwa nyanda za juu haitafika namba iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa hiyo usiihukumu bure pampu ya vakyumu.

Mipira mikubwa ya intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, nayo ipo. Ikipasuka utasikia mluzi au mpumuo ukikanyaga, utaona moshi mweusi nyuma na mafuta yamelowanisha kiungo. Maji ya sabuni na tochi vinatosha. Ea klina iliyojaa vumbi na EGR (vali ya kurudisha moshi kwenye injini) iliyokwama wazi pia zinaleta P0299, ila hizo ni za dakika chache kuangalia.

Yangu ilikuwaje? Nilimpa kijana mashine ya kusomea kompyuta ya gari ashike pembeni yangu tukipanda. Kabla gari halijajifunga, kompyuta ilikuwa inaomba kama kilopaskali 210 na kupata 140. Soma namba hizo kabla ya kujifunga; likishajifunga, kompyuta inapunguza mafuta na namba zote zinakudanganya. Tuliporudi chini nikachomoa mipira myembamba ya vakyumu mmojammoja, nikaziba upande mmoja, nikauzamisha kwenye beseni la maji na kupuliza kwa mdomo. Wote kimya. Wa mwisho, unaotoka kwenye solenoidi kwenda kwenye kikopo, nao kimya. Nikaukunja kama unavyokaa kwenye gari, vipovu vikaanza kutoka, vidogo kama vya soda. Ulikuwa umesuguana na bano la chuma hadi ukang'aa, na katikati ya pale panapong'aa pana tundu la ncha ya sindano. Ukiwa wa baridi unajibana wenyewe. Injini ikipata moto sana mlimani, mpira unalainika na tundu linafunguka. Ndiyo maana tambarare haikuonekana.

Mita moja ya mpira haikufika hata bei ya chakula cha mchana Ruaha Mbuyuni. Turbo ya zamani bado iko chini ya ngazi nyumbani, mama watoto kila akifagia ananikumbusha.

Wewe fanya hivi: kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi angalia fimbo, kisha endesha mpaka ipate moto uangalie tena. Uje utuambie inafanya nini mara zote mbili, na sensa inasoma ngapi swichi ikiwa imewashwa, injini imezimwa. Na utaje uko mkoa gani.