Miezi minane na lenzi ya milimita 2000, na kamera ya zamani bado iko mkobani

Kila anayeiona kamera yangu mpya huniuliza swali lile lile: ile ya zamani unaiuza shilingi ngapi? Siiuzi. Na kwa kuwa wengi wanaouliza wanajipanga kununua kamera ya aina hii mpya, nimeona nikae niandike niliyoyaona kwa miezi hii minane, ili anayetaka kutoa fedha zake azitoe akijua anapata nini.

Ya zamani ni Canon PowerShot A620, iliyotoka mwaka 2005. Niliinunua mkononi mwa mtu Arusha mjini mwaka 2009, ikiwa na mkanda na memori kadi ya GB 2 ambayo ninayo hadi leo. Ina megapikseli 7, lenzi inavuta mara 4 tu, na inatumia betri nne ndogo za AA, zile za saa ya ukutani. Mpira wa pale vidole vinaposhika umelainika ukawa kama ngozi ya kiatu cha siku nyingi. Mlango wa betri niliuvunja mwenyewe nilipoiangusha kwenye sakafu ya saruji, na tangu siku hiyo unashikiliwa na mpira wa bendi. Ndiyo iliyopiga picha za mwisho za mzee wangu, na ndiyo iliyorekodi video fupi ambayo sauti yake inasikika akinielekeza namna ya kushika panga ninapokata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mimi si hakimu asiye na upande.

Mpya ni Nikon Coolpix P950. Ni kamera ambayo lenzi haibanduki, lakini inavuta mara 83, kutoka milimita 24 hadi 2000 kwa hesabu ya kamera za filamu. Ile ya zamani inaishia 140.

Kilichonisukuma kuinunua ni mdiria. Pale Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, kuna njia inayopita msituni kandokando ya maji, na mdiria wa madoa meusi na meupe hupenda kukaa kwenye tawi kavu lililoinamia ziwa. Anaruka, anasimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja, kisha anajitupa majini. Nilimfuata miaka mingi na kamera ndogo. Ukimkaribia, anahama tawi. Ukingojea, anakuja, lakini ng'ambo ya maji.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Mdiria huyo ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa umbali wa mita 50, picha ya kamera ya zamani iliyovutwa hadi mwisho inabeba upana wa mita 12 na zaidi, na ndege anaambulia pikseli (vile vitone vinavyounda picha) kama 60 kati ya 3,072. Hiyo ni nukta yenye mdomo. Kamera mpya ikivutwa hadi mwisho, kwa umbali ule ule, inabeba upana usiofika sentimita 90, na ndege anapata pikseli 1,300 na zaidi. Siku ya kwanza nilipompata kwenye kitundu cha kuchungulia, nikaona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo wake, nilishusha kamera nikakaa chini kwenye mzizi. Miaka yote ile nilikuwa simjui ndege huyo.

Kwa hiyo kama unachokipenda ni ndege, au mnyama usiyeruhusiwa kumsogelea, acha kusita. Hakuna ujanja wa kamera ndogo wala wa simu utakaokufikisha huko. Mwezi pia. Ukiuvuta hadi mwisho unajaza kama theluthi mbili za kimo cha picha. Watoto wa jirani walipanga foleni kuuchungulia. Ila usiwaite usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu jua linaupiga usoni na unaonekana bapa. Waite mwezi ukiwa nusu, wakaangalie pale mwanga unapokutana na giza. Hapo ndipo mashimo yanaonyesha vivuli vyake.

Sasa nieleze lililonichukulia wiki tatu za majuto, ambalo wauzaji hawalisemi.

Nilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa ajili ya heroe wa maziwa ya Momella. Tuliingia tumechelewa, tukafika ziwani kwenye saa tano asubuhi. Heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi ng'ambo ya maji. Nikavuta hadi mwisho, nikapiga picha mia mbili na kitu. Nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta: hakuna hata moja iliyokuwa safi. Miguu ya ndege imepindapinda kama inaonekana kupitia moto wa jiko, shingo zimeungana na maji, manyoya yamekuwa uji. Nikadhani nimeuziwa kamera mbovu. Nikairudisha dukani, kijana wa pale akaipima kwa kupiga picha maandishi ya kopo lililokuwa rafuni, yakatoka yamekatika vizuri kabisa.

Kamera haikuwa na shida. Shida ilikuwa mazigazi, ile hewa inayocheza juu ya barabara ya lami mchana. Jua likishapasha ardhi na maji, hewa ya joto inapanda, ya baridi inashuka, na mwanga unaopita humo unapindishwa njia nzima. Mita 10 hazina neno. Mita 300, unapiga picha ya hewa. Lenzi ikiwa fupi huoni kasoro hiyo kwa sababu kila kitu ni kidogo. Lenzi ndefu inamkuza heroe na inayakuza mazigazi pamoja naye. Nilirudi mwezi uliofuata, tukaingia lango linapofunguliwa, na kabla ya saa tatu nilikuwa na picha ambazo unaweza kuhesabu matone kwenye mdomo wa heroe. Kamera ile ile, ziwa lile lile.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Milimita 2000 ni za asubuhi na jioni, au za siku ya mawingu baada ya mvua. Saa tano hadi saa kumi navuta nusu tu, nami najisogeza kwa miguu panaporuhusiwa. Na ile sehemu inayoendelea kukuza hata baada ya lenzi kufika mwisho wake siigusi kabisa. Huko lenzi haifanyi kazi tena, kamera inakatakata picha na kuitanua, jambo ambalo unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani.

La pili ni mwanga. Lenzi hii ikiwa haijavutwa, tundu lake la kupitishia mwanga ni f/2.8. Ikifika mwisho ni f/6.5, maana yake mwanga unaoingia umepungua zaidi ya mara tano, na hapo hapo mkono ukitikisika kidogo tu picha inaharibika, kwa sababu mtikisiko nao unakuzwa. Kamera ina kitu cha kutuliza mtikisiko na kinafanya kazi nzuri ya kushangaza, lakini hakimtulizi ndege. Msituni Duluti, chini ya miti, kamera inalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, na picha inajaa chenga. Hapa ndipo watu wanaposhangaa nikiwaambia kwamba kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, cha kamera ya mwaka 2005 ni kikubwa kuliko cha hii mpya: kimoja ni cha inchi 1/1.8, kingine 1/2.3. Tena cha zamani kimegawanywa pikseli milioni 7, cha sasa milioni 16. Ni kweli vihisi vya siku hizi vimeboreshwa, na kwenye giza cha sasa kinashinda. Lakini kwenye mwanga wa asubuhi mbele ya nyumba, na mtu amesimama mita 2 kutoka kwangu, rangi ya ngozi inayotoka kwenye ile kamera ndogo bado naipenda zaidi. Nimeziweka picha mbili pembeni kwa pembeni mara nyingi, nikawaonyesha watu bila kuwaambia ipi ni ipi. Mke wangu huchagua ya zamani. Shemeji yangu huchagua mpya. Basi amini macho yako.

Lakini lililonifanya niirudishe kamera ya zamani mkobani halikuhusu vihisi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikijaribu kamera, nikamwona mama mmoja wa makamo, ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi mshare, anacheka na mwenzake. Nikavuta, nikapiga. Picha nzuri mno, mpaka kovu dogo juu ya nyusi linaonekana. Nikavuka kwenda kununua ndizi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu, umenipiga picha?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona salamu inakuja baada ya picha?"

Sikuwa na jibu. Akaomba aione. Akaitazama kwa muda, akanirudishia kamera. "Ifute. Kilemba kimelegea, na mimi sikujua kama natazamwa."

Niliifuta mbele yake. Akafungua kilemba, akakifunga upya bila haraka, akavuta mkungu mmoja mbele akauweka sawa, kisha akasema haya, piga. Nikatoa kamera ndogo. Kwa lenzi ile huwezi kumpata mtu uso bila kuwa karibu naye, na ukiwa karibu naye huwezi kukwepa kumwamkia, kuulizia watoto, kuulizia hali ya biashara. Miaka yote nilidhani hiyo ni kasoro ya kamera yangu. Picha hiyo niliisafisha studio, nikampelekea Jumamosi iliyofuata. Ameibandika kwenye nguzo ya kibanda chake.

Siku hizi kamera ndefu siielekezi kwa mtu ambaye sijazungumza naye. Na kwako utakayeinunua: ukiwa mjini angalia pia unasimama wapi. Lenzi iliyochomoza kama bomba inavuta macho ya walinzi, na kupiga picha kambi za jeshi au vituo vya polisi kunaweza kukuingiza matatani, hata kama ulikuwa unamfuata kunguru.

Mengine nitayapita haraka. Uzito: P950 ina kilo moja na gramu 5, karibu mara tatu ya ile ndogo ikiwa na betri zake. Shingo itakwambia saa sita mchana, kwa hiyo tafuta mkanda mpana unaopita begani. Betri yake ni ya kuchaji, kiwandani wameipimia picha 290 hivi, na mimi siendi porini bila ya pili. Kamera ndogo ikiishiwa, kila duka la kijijini lina betri zake, ingawa zile za bei ya chini hazimalizi hata saa moja. Nunua za kuchaji.

Ukishika kamera ya lenzi ndefu kwa mara ya kwanza, kitakachokusumbua ni kumpoteza ndege. Unavuta hadi mwisho, unaona majani matupu. Usivute kwanza. Mweke katikati ya picha akiwa mdogo, ndipo uvute taratibu ukimfuata. Akitoroka, kuna kitufe pembeni mwa lenzi ambacho ukikibonyeza picha inafunguka upana, unamtafuta, ukikiachia inarudi pale ulipokuwa. Mimi nilikaa na kamera mwezi mzima kabla sijakigusa, na kingeniokolea ndege wengi.

Kabla hujalipa, nenda dukani asubuhi, beba memori kadi yako, omba ruhusa utoke nayo hadi mlangoni. Usipige kopo lililo rafuni. Tafuta kibao cha maandishi cha jengo la mbali, kipige ukiwa umevuta nusu, kisha umevuta hadi mwisho, picha kumi kumi, bila stendi. Rudi saa nane mchana upige kibao kile kile. Ondoka na kadi yako, ukazitazame nyumbani kwenye kioo kikubwa, kesho yake ndipo urudi na fedha. Na wakikwambia watakupunguzia bei ukiwaachia kamera yako ya zamani, waulize kwanza watakupunguzia kiasi gani, kisha ufungue kadi yake utazame nani yumo.