Uliza Fundi: Taa ya swichi inashuhudia nini?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimejiundia amplifaya ya stirio ndani ya kasha la bati. Transfoma ni ya duara, na baada ya dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (zinazouhifadhi) napata volti 35 chanya na 35 hasi. Muziki unatoka safi, ila nimekwama kwenye uso wake. Nina swichi mbili mezani. Moja ni ya plastiki, ya kubonyeza huku na huku, ina taa nyekundu ndani na miguu mitatu. Nyingine ni kitufe cha chuma chenye pete ya buluu na miguu mitano, ubavuni imeandikwa 12V. Nichukue ipi? Na hiyo ya 12V, nikiifunga kwenye umeme wa ukutani itaungua?
– Mpenda Besi

JIBU: Marahaba. Pete itaungua, tena haitakuaga. Hiyo 12V inaihusu taa peke yake. Kiasi ambacho swichi yenyewe inaweza kukata huandikwa kando, mfano 3A 250V. Miguu miwili ni ya taa, mitatu ni ya swichi.

Tuanze na ya plastiki. Taa yake ni neoni, kichupa chenye gesi ambacho hakiwaki mpaka kipate volti 60 hadi 90, kwa hiyo mahali pake ni kwenye umeme wa ukutani. Mguu wa tatu ndio unaoponza watu. Laivu, waya unaoleta umeme, inaingia mmoja, inatoka mwingine kwenda kwenye transfoma, na wa tatu ni wa nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwa ajili ya neoni tu. Nimewahi kufungua kazi ya mtu aliyeupeleka ethi, waya wa usalama unaofungwa kwenye kasha. Taa iliwaka vizuri kabisa, na mkondo wake ukapitia kwenye kasha. Siku waya wa ethi ukikatika, kasha linakutekenya vidole. Chomoa plagi, chukua mita, tafuta miguu miwili ambayo mita inaonyesha imeungana ukibonyeza. Uliobaki ndio wa nyutro.

Hata hivyo, mimi neoni siiweki kwenye amplifaya. Yangu ya kwanza ilinyamaza ghafla, taa ikiwa nyekundu kama kaa la moto. Kwa kuwa taa inawaka, nikaamini umeme upo, nikashinda jioni nzima nikifungua waya za spika. Kumbe fyuzi iliyo baada ya transfoma ilishakatika. Neoni haikudanganya: ilishuhudia kwamba umeme umefika kwenye swichi, basi. Mimi ndiye niliyeiuliza habari za ndani.

Kwa hiyo chukua cha chuma, na taa yake uilishe kutoka kwenye volti 35 chanya, baada ya fyuzi na kapasita. Pete hiyo ina rezista (kizuizi cha mkondo) yake ndani, iliyokadiriwa kwa volti 12, nawe unahitaji kuongeza nyingine nje. Pima kwanza inakunywa kiasi gani kwenye 12. Ikiwa ni miliampia 10, rezista ya omu 2,300 hivi ingeilinda, lakini buluu kwa mwanga huo inachoma macho gizani. Mimi ningeweka omu 10,000. Mkondo unashuka hadi miliampia 3 hivi, na rezista ya robo wati inatosha bila kupata joto.

Kuna faida nyingine. Ukizima, pete itafifia polepole badala ya kukatika. Huo ni umeme uliobaki kwenye kapasita. Usitie mkono mpaka izimike, na hata ikizimika pima upande wa hasi, maana pete haiujui.

Mambo mawili usiyapuuze. Kitufe kiwe cha aina inayobaki imebonyea. Kile kinachorudi chenyewe kitakuwashia amplifaya kwa muda wa kidole tu. Na transfoma ya duara, hasa kubwa, hunywa umeme kwa pupa inapowashwa, hata mara nyingi kupita kawaida yake, na vidoti vya swichi ndogo, yaani sehemu zinazogusana ndani yake, hugandana. Ikiwa yako ni nzito, acha kitufe kiamuru relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), relei ndiyo ikate umeme mkubwa. Miguu yote ivishe mpira wa kusinyaa kwa moto, kwa sababu hapo nyuma umeme wa ukutani na wa pete vimeachana milimita chache tu.

SWALI: LED (taa ndogo ya kielektroniki) yangu nyekundu nimeifunga na rezista kwenye volti 9 za AC kutoka transfoma. Ilidumu wiki moja. Kwa nini?
– Wiki Moja

JIBU: AC inageuka, na LED nyingi hazivumilii zaidi ya volti 5 kinyumenyume. Wewe uliipa karibu 13, maana kilele cha 9 za AC kinafika huko. Funga dayodi ndogo kama 1N4148 sambamba na LED, ikitazama upande wa pili, rezista ibaki ilipo.