Upepo wa 45, upepo wa 28: swali kutoka Mikindani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX, ilitoka Japani na rimu za 16 zenye matairi 205/55R16. Mwaka huu nimeweka rimu za aloi za 17 na matairi 215/45R17. Ubavuni yameandikwa 91W XL, halafu chini kabisa MAX PRESS 50 PSI. Stika ya mlangoni inaonyesha 230 mbele na 220 nyuma. Kijana anayenijazia upepo hapa Mikindani huweka 45, anasema joto la Pwani na lami vinataka tairi gumu. Rafiki yangu mpenda mbio ananiambia nishushe hadi 28 ili gari lishike barabara. Kila mwisho wa mwezi naenda Masasi na familia. Nimfuate yupi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimfuate hata mmoja. Anza na ile stika, kisha tuirekebishe kwa sababu umebadilisha matairi.

Namba za stika ni kilopaskali, kipimo kingine cha upepo, si psi anazotumia kijana. 100 ni sawa na psi 14.5, kwa hiyo 230 ni psi 33 na ushee, na 220 ni psi 32. Waliotengeneza gari walizipata kwa kupima uzito wa gari lako, na mbele pamewekewa upepo zaidi kwa sababu injini imelala yote mbele ya ekseli. Ile 50 ya ubavuni haihusu gari lako kabisa. Tairi hilohilo linaweza kufungwa kwenye gari jepesi au zito, na mwenye kiwanda anasema tu kwamba upepo usivuke hapo. Kijana wa Mikindani ameona 50, akapunguza kidogo, akaona amekuwa mwangalifu. Namwelewa, maana sijaona anayewafundisha vijana hawa, lakini 45 kwa Impreza ni nyingi mno.

Sasa yale maandishi XL, yaani tairi lililoimarishwa ili lijazwe upepo mwingi zaidi, ambayo watu wengi huyaruka. Tairi lako la zamani, kama lilikuwa la kawaida lenye namba 91, lilibeba kilo 615 likiwa na kilopaskali 250. Hili jipya nalo ni 91, nalo linabeba kilo 615, ila mpaka lifike kilopaskali 290, maana tumbo lake ni dogo: ubavu ni mfupi na hewa iliyomo ndani ni kidogo. Upepo ndio unaobeba gari, raba na waya zinaushikilia tu. Ukiliwekea tairi la XL psi 33 za stika ya zamani, linabeba uzito pungufu ya ule uliokusudiwa, na kwa macho hutaona kitu, maana tairi fupi halibonyei kama lile refu. Nimepokea magari kadhaa ya namna hii gereji, mabega ya matairi (kingo mbili za sehemu inayokanyaga) yameliwa, mwenyewe anaapa kwamba anafuata stika. Na kweli anaifuata.

Kwa gari lako ningeongeza psi 4 juu ya stika. Weka 37 mbele na 36 nyuma, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Siku ya kwenda Masasi na mama watoto, watoto na mizigo buti limejaa, ongeza 2 nyuma, iwe 38. Ukirudi nyumbani peke yako, zipunguze.

Baridi maana yake gari limelala, au limesimama angalau saa tatu, na halikuachwa juani. Joto likipanda nyuzi tano au sita hivi, upepo hupanda kama psi 1. Gari likiegeshwa jua la saa sita hapo Mikindani, tairi la upande wa jua litasoma zaidi ya lile la kivulini hata kama asubuhi yalikuwa sawa, na mtu asiyejua atalipunguza. Kwa hiyo pima kabla ya kwenda kazini, na pima mwenyewe. Nunua geji yako. Zile za kwenye mipira ya kompresa zinaangushwa chini kutwa nzima, mbili zilizo jirani zinaweza kukupa majibu mawili. Geji yako hata ikikosea kidogo, itakosea vilevile kila siku, nawe utaona mabadiliko.

Hoja ya joto la Pwani imegeuzwa. Tairi halihitaji kuongezwa upepo kwa sababu lami ni ya moto, linajiongeza lenyewe. Ukitoka na 37, ukifika Nyangao au Ndanda usishangae kusoma 41 au 42. Hapo usiguse valvu! Ukiupunguza ukiwa wa moto, kesho asubuhi utakuwa chini. Kipimo ninachokipenda ni hiki: kikiongezeka psi 4 hadi 6 baada ya saa moja ya barabara, uko sawa. Kikivuka hapo, ulianza na upepo mdogo, au umebeba mno, au unakimbia mno. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa ubavu kila linapozunguka, na kukunjwa huko ndiko kunakoliunguza kwa ndani mpaka lipasuke. Ndiyo maana 28 za rafiki yako zinanitia hofu kuliko 45 za yule kijana.

Rafiki yako hakuitoa hewani, lakini. Kwenye viwanja vya mbio madereva huanza na upepo wa chini kwa sababu mizunguko michache ya kona kali hupandisha matairi psi nyingi, wakaishia pale wanapotaka. Barabara ya Masasi haina kazi hiyo. Utaanza 28 na hutafika pale tairi lako linapotaka, usukani utakuwa mzito na mvivu, na shimo moja litakupindia rimu. Tairi fupi kama lako (ile 45 ya 215/45R17 ni ya kimo, si ya psi) halina cha kupunguza kishindo zaidi ya upepo.

Kuna la mvua pia. Huku kwetu inaanza Desemba mpaka Aprili, na maji husimama kwenye mikunjo ya lami. Utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 uliacha fomula rahisi: chukua mzizi wa pili wa psi, zidisha kwa 16.7, unapata kilomita kwa saa ambazo tairi lililokwisha kashata, ile michoro ya kukanyagia, linaanza kuelea juu ya maji. Psi 25 zinakupa kama 83. Psi 36 zinakupa 100. Kashata nzuri hukuongezea nafasi, lakini usizidishe upepo ukidhani unajikinga: kwenye 45 tairi linakanyaga kwa katikati tu, eneo la kushika lami linapungua, na breki za dharura zinarefuka.

Baada ya mwezi, tazama kashata. Katikati ikiisha mbele ya mabega, punguza 1. Mabega yote mawili yakitangulia, ongeza 1. Bega moja tu likiliwa, upepo hauna kosa, peleka gari likafanyiwe alaimenti. Ukiona gari linasita kuingia kona, jaribu psi 1 zaidi mbele. Usivuke 2 kwa jaribio moja, na usifanye majaribio siku ya safari na watoto.

Nitrojeni wasikuuzie kwa bei kubwa, hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78. Cha muhimu ni kompresa iliyokaushwa maji, maana unyevunyevu wa baharini ukiingia ndani ya tairi hufanya upepo upande zaidi likipata moto. Chumvi ya bahari nayo hula aloi pale rimu inapokutana na raba. Tairi likipungua psi 2 kila wiki bila pancha, mwambie fundi alivue, asugue ukingo wa rimu, kisha alirudishe. Vifuniko vya valvu visikosekane.

Halafu fungua buti uangalie spea. Kama ni ile nyembamba iliyokuja na gari, inataka psi 60, na nyingi ninazozipima zina 20. Hiyo ijaze leo, na siku ukiifunga usivuke kilomita 80 kwa saa mpaka ufike kwa fundi wa pancha.