Maswali ya Wasomaji: Mdogo wangu hunyamaza tukifika "bikira Mariamu"

Anajibu mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Lushoto, aliyekuwa mkunga kwa miaka 19 kabla ya kusomea theolojia

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Niko kidato cha sita, nasoma Biolojia. Tumefundishwa kwamba wapo wanyama wanaozaa bila dume, hata kenge wa Komodo. Kwa nini makanisani hamtumii jambo hili kuwajibu wanaokataa kwamba Yesu alizaliwa na bikira?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amekufundisha sawasawa. Mwaka 2006 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba kenge majike wa Komodo, waliofugwa katika bustani za wanyama za Chester na London, walikuwa wametaga mayai yenye vijusi bila kupandwa na dume. Wapo na samaki wa namna hiyo. Lakini usilibebe jambo hilo kama ushahidi, maana atakuangusha mtu anayejua biolojia kukuzidi. Sisi tunaonyonyesha hatuzai hivyo. Kuna vinasaba vinavyofanya kazi vikitoka kwa baba tu, na vingine vikitoka kwa mama tu, kwa hiyo yai la mwanamke likianza kujigawa lenyewe halifiki kuwa mtoto. Tena mwanamke ana kromosomu X mbili. Y ya kumpata mwana wa kiume ataitoa wapi? Kenge wale walipata madume kwa sababu kwao jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti.

Halafu soma Luka mwenyewe. Malaika hamwambii Mariamu kwamba mambo kama haya hutokea mara moja moja. Anamwambia, "Roho Mtakatifu atakujilia juu yako." Habari hiyo inamtaja Mungu kuwa mtendaji. Ukiiegemeza kwa kenge, umeshaiacha na kushika nyingine.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mchungaji. Binti yangu anasema sikukuu ya tarehe 8 Desemba ni ya Maria kumchukua Yesu mimba bila mwanamume. Mimi namwambia sivyo. Nani yuko sahihi?
Baba wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Milele amina. Wewe, baba. Tarehe 8 Desemba Wakatoliki huadhimisha kutungwa kwa Maria mwenyewe tumboni mwa mama yake, akiwa amekingiwa dhambi ya asili. Papa Pius wa Tisa ndiye aliyelitangaza fundisho hilo rasmi mwaka 1854. Kutungwa kwa Yesu huadhimishwa tarehe 25 Machi, miezi tisa kabla ya Krismasi. Mimi ni Mlutheri na fundisho la 1854 silifundishi, ila bintiyo anastahili kuelezwa kanisa lake linasema nini.

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo kikuu Dar es Salaam, mwaka wa pili. Alipata kipaimara, ameimba kwaya ya vijana, hatukuwahi kuwa na wasiwasi naye. Krismasi iliyopita tulikuwa ibadani, na kwenye Imani ya Mitume, tulipofika "akazaliwa na bikira Mariamu", akanyamaza. Kisha akaendelea pamoja nasi. Mama alimwona. Tulipofika nyumbani akamuuliza, naye akajibu kwamba Isaya hakuandika bikira, aliandika mwanamke kijana. Waliotafsiri kwa Kiyunani wakakosea, na Mathayo akaijenga habari nzima juu ya kosa hilo. Mama alilia. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuja kutupa mkono wa sikukuu, alishangaa kabisa. Alisema kwao hakuna anayebisha kuwa Maryam alizaa bila kuguswa na mtu. Sasa mama anasema kijana asisogelee Meza ya Bwana mpaka atubu na kurudi kundini. Je, anayosema ni ya kweli? Na bado ni Mkristo?
Dada mtu, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili, nikaisoma na usiku.

Kuhusu neno la Isaya, mdogo wako amepata nusu. Neno lililoko katika Isaya 7:14 kwa Kiebrania ni alma. Ukitaka kulielewa huna haja ya kwenda mbali, maana sisi watu wa Tanga tuna neno mwali. Mwali ni binti aliyevunja ungo, amefundwa, anangoja kuolewa. Kila mtu anatarajia kwamba hajaguswa, lakini neno lenyewe halijasema hivyo. Limesema umri wake na mahali alipofika maishani. Kiebrania kina neno jingine lililo karibu zaidi na bikira, nalo ni betula, ambalo ndugu yake wa Kiarabu tunawaita kwalo mabinti wetu: Batuli. Isaya hakulitumia hilo. Tena wakati ule alikuwa akisema na mfalme Ahazi, ambaye moyo wake ulikuwa ukitikisika kwa sababu ya wafalme wawili waliokuja kumpiga, na ishara aliyopewa ilihusu siku zake: kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi ya wafalme hao itaachwa ukiwa. Mama yako asiogope kuyasoma haya. Yamo katika Biblia yake, mistari miwili tu mbele.

Neno la Kiyunani parthenos, ambalo kwa kawaida ni bikira, liliwekwa na Wayahudi waliotafsiri Isaya kabla Yesu hajazaliwa. Hapo naomba mdogo wako atulie kidogo. Watu wale hawakuwa na Mariamu wa kumtetea. Kwa nini walichagua neno hilo, wataalamu wanabishana, lakini Wakristo hawakuliingiza, walilikuta.

Na hoja yenyewe ni ya zamani sana. Katika karne ya 2 Justin, yule aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Roma, aliandika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, na Trypho anamwambia jambo hili hili: Isaya alisema msichana. Mwaka 1952 huko Marekani ilipotoka tafsiri mpya ya Kiingereza iliyoandika "mwanamke kijana" katika Isaya, mchungaji mmoja wa Kibaptisti wa North Carolina aliuchoma ukurasa ule hadharani. Habari hiyo hunihuzunisha kila nikiikumbuka, kwa sababu tafsiri hiyo hiyo ilikuwa imeliacha neno "bikira" mahali pake katika Mathayo. Mtu alichoma Neno la Mungu kulinda kitu ambacho hakijaondolewa.

Sasa nusu ambayo mdogo wako hakuipata. Kama habari yote imejengwa juu ya mstari wa Isaya, Luka ameipata wapi? Luka anasimulia kwamba Mariamu alichukua mimba bila mwanamume, wala haunukuu mstari ule. Ziweke habari hizi mbili kando kwa kando uone zilivyoachana. Mathayo anatazama kutoka upande wa Yusufu, Luka upande wa Mariamu. Huyu ana mamajusi na kukimbilia Misri, yule ana wachungaji na hekalu. Hata orodha za mababu hazilingani. Ungetarajia watu walionakiliana wafanane zaidi. Lakini wote wawili wanasema: Mariamu ameposwa na Yusufu, mimba imeonekana kabla hawajakaribiana, ni kwa Roho Mtakatifu, mtoto amezaliwa Bethlehemu. Kwa hiyo naona habari hii ilikuwepo kabla ya Mathayo kushika kalamu, naye akaenda kwa Isaya akiwa nayo mkononi. Mdogo wako anaweza kuniambia kwamba Marko haitaji, na Paulo anasema tu "amezaliwa na mwanamke". Ni kweli, na sitamficha. Kunyamaza kwao hakukanushi, ila pia hakunisaidii.

Nikueleze yangu, maana hukuniuliza kama mwalimu tu.

Nikiwa mkunga alikuja kliniki binti wa miaka 20 hivi, mimba ya miezi mitano. Nilipomuuliza habari za baba wa mtoto akasema kwa sauti ndogo kwamba hamjui mwanamume yeyote. Nilimjibu vibaya, mbele ya wanawake wengine waliokuwa kwenye benchi, nao wakacheka. Akachukua kadi yake akaondoka, wala hakurudi tena. Sikudhani wakati ule, wala sidhani leo, kwamba mimba yake ilikuwa muujiza. Nadhani kuna mtu alimdhulumu naye akaogopa kumtaja, na mimi niliyepaswa kumsikiliza nikamfunga mdomo.

Miaka mingi baadaye, darasani, tulisoma Luka 1:34: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Sikuweza kuendelea. Nilisikia sauti ya yule binti. Nikaona kwamba Nazareti ilikuwa imejaa watu kama mimi, na kwamba Mariamu hakuwa na chochote cha kuwaonyesha isipokuwa kauli yake. Baada ya hapo, kwa miezi kadhaa, mimi niliyekuwa nikiandaliwa kuhubiri nilinyamaza ibadani mahali pale pale anaponyamaza mdogo wako. Nilijua mno mimba inavyopatikana. Hakuna aliyeniona, au kama aliniona hakusema, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Sikurudi kwa hoja. Hoja nilizo nazo hazimalizi jambo. Nikisema kanisa lisingetunga habari iliyowapa adui fimbo, maana katika karne ile ile ya 2 Celsus, mwanafalsafa aliyewapinga Wakristo, alikuwa akiandika kwamba Yesu ni mtoto wa askari aitwaye Panthera, mdogo wako atanijibu kwamba labda ilitungwa ili kufunika aibu. Anaweza kusema hivyo, na sina hati ya kumwonyesha. Nilichokuwa nacho ni Kristo mwenyewe: maneno yake, mauti yake, na wale waliosema wamemwona yu hai. Hao niliwaamini kwanza. Kisha polepole, nikiwa nimeshamwamini mwana, nikajikuta namwamini na mama. Siku niliyoyatamka tena yale maneno nilikuwa kwenye kanisa dogo la mlimani, mvua inanyesha, na nilimkumbuka binti wa kliniki kwa jina lake.

Bado ni Mkristo? Mtazame jirani yenu. Anaiamini habari hii bila kusita; Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, na katika sura hiyo anauliza atapataje mtoto hali hajaguswa na mtu. Hata hivyo jirani yenu hasemi kwamba Isa ni Mwana wa Mungu. Kurani inamfananisha na Adamu, aliyeumbwa pasipo baba. Basi mtu anaweza kukubali kuzaliwa na bikira asiwe Mkristo. Jambo lisilotosha kumfanya mtu Mkristo, tusilifanye peke yake kuwa kisu cha kumkatia mtu Ukristo wake. Chukua pia Matendo ya Mitume, uzisome hotuba zote za Petro na za Paulo. Wanahubiri msalaba na kufufuka. Hakuna hotuba hata moja inayotaja namna Yesu alivyotungwa mimba, na watu elfu tatu walibatizwa siku moja. Nalipenda fundisho hili na nimelihubiri kila Krismasi ya utumishi wangu, lakini mitume hawakuliweka mlangoni.

Angekuwa anadhihaki, anamcheka mama yake, ningesema mengine. Lakini kijana anayenyamaza mstari mmoja kwa sababu hataki kusema uongo mbele za Mungu, kisha anaendelea na mingine kwa sauti, huyo anauchukulia ule mstari kwa uzito kuliko wengi wetu tunaoupitia tukiwaza chakula cha mchana. Kumtenga na Meza ni kazi ya mchungaji na wazee wa usharika, si ya mama, na kama wataniuliza nitawasihi wasifanye hivyo.

Msomee mama jibu hili taratibu, akiwa amekaa. Mwambie kulia kwake nimekuelewa. Analilia mtoto wake asipotee, si neno la Kiebrania. Na mdogo wako akija likizo, msianze na Isaya. Someni Luka sura ya kwanza yote, yeye asome kwa sauti. Akiwa na la kunijibu aniandikie mwenyewe, kwa urefu apendao. Nitamjibu, hata kama barua yake haitachapishwa.