Ukimpiga picha mgombea, angalia umesimama wapi

Kijana akitumwa kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kampeni huhangaikia uso wa mgombea: katoka vizuri? Kafumba macho? Hangaikia kwanza miguu yako. Pale uliposimama ndipo panapoamua msomaji atamwona mtu wa aina gani.

Waandishi kwa kawaida huwekwa chini ya jukwaa, kwa hiyo lenzi inatazama juu. Pembe hiyo humrefusha mgombea na kumwachia anga tupu nyuma yake. Umeshampa ukuu kabla hujaamua kumpa. Tazama picha aliyoipiga Evan Vucci, akiwa mpigapicha wa shirika la habari la Associated Press, huko Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai 2024, muda mfupi baada ya Donald Trump kujeruhiwa sikio kwa risasi kwenye mkutano wake wa kampeni. Iangalie kifundi, siasa zake weka kando. Ngumi imeinuliwa, bendera inapepea juu, walinzi wamemkumbatia, na miili yao inajenga pembetatu ambayo kilele chake ni yeye. Damu shavuni, nyuma bluu tupu. Vucci hakubahatisha: katikati ya taharuki alishawaza mgombea angeshushiwa upande gani, akakimbilia huko. Pale uwanjani watu walikuwa wamelala chini kwa hofu. Ndani ya fremu hiyo hofu haimo.

Mfano wa pili ni wa kimya zaidi, na mimi naupenda kuliko wa kwanza. Aprili 2006 Barack Obama, akiwa seneta, alihudhuria mkutano wa waandishi wa habari kuhusu mgogoro wa Darfur, Sudan, jijini Washington, pamoja na mwigizaji George Clooney. Mpigapicha Mannie Garcia alipiga fremu zenye wote wawili, na akapiga nyingine ya Obama peke yake, kichwa kimeinuka kidogo, macho yanatazama mbali. Kwenye fremu ya wawili yeye ni mgeni mmojawapo. Ile ya peke yake ndiyo msanii Shepard Fairey aliyoigeuza bango maarufu la kampeni ya 2008, na macho yaliyokuwa yanasikiliza habari za Darfur yakasomwa kuwa yanaona kesho ya Marekani.

Sasa umati, maana hapa ndipo wapigapicha wengi wageni wa kazi hii hutumika bila kujua. Lenzi ndefu, ya milimita 200, huwabana watu pamoja, uwanja uliojaa nusu ukaonekana umefurika. Lenzi pana, ya milimita 24, iliyoinuliwa juu huonyesha mapengo yote, hadi muuza maji aliyekaa peke yake golini. Hakuna iliyodanganya, lakini ukimpiga mgombea mmoja kwa ndefu na mpinzani wake kwa pana, umeshapiga kampeni. Wapige wote kwa namna ileile, ikiwezekana kutoka sehemu ya juu.

Ukipewa lifti kwenye msafara, jua kwamba gari lile lina pembe yake. Ukiwa nyuma ya mgombea aliyechomoza kwenye paa la gari, utaona anachokiona yeye: mikono inayopunga, nyuso zinazocheka. Waliomgeuzia mgongo wako pembeni ya barabara, na hutawapata ukiwa juu. Shuka, tembea.

Mambo madogo: maikrofoni ikimziba mdomo, sogea hatua mbili. Saa sita mchana kofia ya chama humtia kivuli machoni, akaonekana mtu wa njama. Subiri ainue kichwa. Na spika zilizo nyuma yake zisimwotee masikioni kama pembe, hata kama humpendi.

Ukituma kazi, mpe mhariri ya karibu, ya kati na ya mbali. Atachukua ya karibu, ndivyo walivyo, ila ya mbali iwe imeshafika mezani kwake. Kwenye maelezo andika saa uliyopiga. Umati wa saa nane, mgombea hajafika na muziki unapigwa, na ule wa saa kumi na moja akiwa anahutubia, mara nyingi ni umati tofauti kabisa.