Cheni ya pikipiki huliwa kwa ndani

Pita kijiwe chochote cha bodaboda hapa Tanga, Ngamiani au Raskazone, utaona cheni za namna mbili. Kuna nyekundu, iliyoota kutu mpaka inalia njiani. Na kuna nyeusi tii, imepakwa grisi ikashika mchanga juu yake, na mwenyewe ukimuuliza atakwambia cheni yake inatunzwa. Mie nasema zote mbili ni kavu. Ile nyeusi imefichwa tu.

Cheni haihitaji mafuta pale tunapopaona. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma, na juu ya bushi imekaa rola, ambayo ndiyo inayoingia kwenye meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalopitiwa na cheni. Msuguano unaoimaliza uko hapo ndani, baina ya pini na bushi. Fundi akikwambia cheni imevutika, chuma hakijarefuka kama mpira. Pini na bushi zimelika, kila pingili imepata uwazi mdogo usioonekana kwa macho. Sasa cheni moja ina pingili zaidi ya mia, jumlisha mwenyewe. Pikipiki ndogo nyingi zinazobeba abiria hutumia cheni namba 428, ambayo pini mpaka pini ni milimita 12.7. Ivute inyooke, pima pingili 20: ikiwa mpya utapata milimita 254. Ukikuta 259, imekaribia asilimia 2, anza kutafuta pesa ya seti ya cheni na sproketi zake.

Grisi ya kupaka kwa kidole ni nzito, haipenyi huko ndani. Inabaki nje inakusanya vumbi, na vumbi likichanganyika na grisi linasaga meno ya sproketi kama msasa.

Na sisi wa pwani tuna mtihani wetu. Chumvi ya bahari inatufuata mpaka uani. Pikipiki iliyolala nje karibu na bahari, asubuhi unaikuta na unyevu wa chumvi juu yake hata kama mvua haikunyesha. Mji huu tunausifu kwa waja leo waondoka leo, lakini kutu ikija haiondoki. Mie njia yangu kubwa ni ya kusini, Tongoni mpaka Pangani, na mara nyingine navuka kwa kivuko kwenda Bweni. Siku nikivuka au nikipita ufukweni, nikirudi naimwagia cheni maji baridi ya bomba, naikausha kwa tambara, naitia oili usiku uleule. Hilo siliahirishi. Vumbi linaweza kungoja mpaka Jumapili, chumvi haingoji.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa ili tairi ya nyuma ielee, weka gia huru, zima injini. Kuzima injini nakusisitizia kwa sababu nimewaona vijana wanaweka gia ya kwanza, tairi inajizungusha, wao wameshikilia tambara kwenye cheni. Tambara likinaswa na sproketi, vidole vinafuata. Zungusha tairi kwa mkono, haraka ya nini?

Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, chovya brashi au mswaki uliochakaa, sugua pande zote nne za cheni: juu, chini, na mbavu zote mbili, kwa sababu njia ya kuingilia oili iko mbavuni, kwenye upenyo kati ya vibati vya pembeni vya pingili. Siku hizi mafuta ya taa huyapati kila kituo, na wengi hukimbilia petroli. Mie siipendi. Inashika moto upesi, halafu kama pikipiki yako ni ile kubwa yenye cheni ya vipete vya mpira, petroli inaharibu mpira ule. Vipete hivyo ndivyo vinavyofungia grisi ya kiwandani ndani ya pingili, vikipasuka hakuna namna ya kuirudisha. Cheni za bodaboda nyingi hazina vipete, kwa hiyo zenyewe zinakutegemea wewe kwa kila tone. Ukimaliza kusugua futa kwa tambara kavu, na uangalie usichirizishe mafuta kwenye tairi wala kwenye breki ya nyuma.

Ya oili nina maneno kidogo. Oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ndiyo dawa ya kijiweni kwa kuwa ni ya bure. Ni afadhali kuliko cheni kavu, sikatai, ila imebeba masizi na vumbi la chuma, na ukifika nusu ya safari nyingi imesharukia kwenye rimu na kanzu ya abiria wako. Nunua oili ya gia namba 90, chupa moja inakaa muda mrefu. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu zinafaa kusafishia na kufukuza maji, lakini ni nyepesi, hazidumu kwenye cheni.

Itie jioni ukitoka kazini, cheni ikiwa bado ina joto, maana oili hupenya vizuri zaidi. Na idondoshee upande wa ndani wa cheni ya chini, ule unaotazama juu, tone kwenye kila upenyo huku unazungusha tairi taratibu. Wengi hudondoshea mgongoni. Cheni ikikimbia, oili hutupwa kuelekea nje. Ukiiweka ndani itapita kwenye rola na pini kabla haijatoka, ukiiweka mgongoni inaruka moja kwa moja. Iache ilale mpaka asubuhi, kisha ufute ziada yote ya nje. Ndiyo, ifute. Cheni iliyotunzwa ukiishika inakuachia alama ndogo tu kidoleni.

Kwa anayetembea kidogo, kila kilomita 500 inatosha. Wa bodaboda anazimaliza hizo ndani ya siku chache, na masika yakianza hata hiyo hesabu iache: ikinyeshewa, itie oili. Kadhalika ukitoka kuoshewa pikipiki kwa mashine, kwa sababu maji ya nguvu yanaingia kulekule ilikokuwa oili.

Ukiwa hapo chini, jaribu na mkazo. Shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, isukume juu na chini. Pikipiki nyingi ndogo zinataka icheze milimita 20 hadi 30, fuata kilichoandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko. Pima sehemu kadhaa ukizungusha tairi, na ukae na ile iliyokaza zaidi. Kuna madereva wanaikaza mpaka inakuwa kama waya wa umeme wakidhani ndiyo uimara. Abiria akipanda, pikipiki inashuka na cheni inazidi kukaza. Mkipanda mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ambayo trafiki wameikataza na bado tunaiona kila siku, mzigo wote unaishia kwenye beringi za tairi na shafti ya gia. Ukishavuta tairi nyuma, hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana, kaza nati ya ekseli, kisha ukague breki ya nyuma, kwa sababu tairi ikisogea pedali nayo hubadilika.

Klipu ya kiungo, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni, nayo itazame. Upande wake uliozibwa ufuate mwendo wa cheni, yaani ukiitazama cheni ya juu uelekee mbele. Ikigeuzwa, kitu kikiigusa njiani inachomoka.

Ukienda kununua pikipiki iliyotumika, usidanganywe na rangi wala siti mpya. Chuchumaa nyuma ya sproketi kubwa, shika cheni pale kwenye ukingo wake wa nyuma kabisa, ivute kuelekea kwako. Ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, au meno yenyewe yameinama upande mmoja, hapo hakuna cha kusafisha. Ni cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwani cheni mpya kwenye meno yaliyolika haichukui muda nayo inaharibika. Mwambie mwenye pikipiki apunguze bei ya seti nzima na ya fundi.